Mgongo kwa Uwanja

Wattie Geddes alikuwa amefungua dirisha la jikoni na kukaa mbele yake, blanketi mabegani, kofia ya sufu kichwani, glavu mikononi, kama mtu anayesubiri basi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa na kitu alasiri, na nje mvua ya barafu ilikuwa inakuja ubavu ubavu. Kipasha joto kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi. Tofauti ya ndani na nje ilikuwa ndogo, na hiyo ndogo yenyewe sasa ilikuwa inatoka kupitia dirishani.

"Funga hilo dirisha, Wattie," mkewe Netta alisema. "Tutaganda humu kama samaki."

"Nyamaza kidogo. Kona hiyo."

Kelele zilishuka kutoka kilimani, zikapanda, zikapanda, kisha zikaisha kwa "aaah" ndefu ya watu elfu mbili.

"Umepita juu ya mtambaa panya," Wattie alisema. "Kichwa. Atakuwa yule beki mrefu."

"Na wewe utapita juu ya nini, ukipata nimonia?" Netta alimfunga blanketi vizuri shingoni, lakini dirisha aliliacha.

Uwanja wa Kinbrae Rovers uko juu ya Mtaa wa Kinu, na Mtaa wa Kinu ni mwinuko wa kumkomoa mtu. Wattie aliupanda kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani tangu akiwa mtoto wa kubebwa begani, hadi majira ya baridi ya mwaka juzi, siku ambayo alifika katikati akakumbatia nguzo ya taa na kubaki hapo, kipindi cha kwanza chote, watu wakimpita na kudhani anasubiri mtu. Alikuwa na miaka hamsini na sita wakati huo. Ujanani alifanya kazi kwenye kinu cha karatasi, kazi ya kufunga mabomba ya moto kwa asbestosi, lile vumbi jeupe likiwazunguka kama unga na hakuna aliyewapa hata kitambaa cha kuziba pua. Kinu kikafungwa, wenye kinu wakaenda zao na pesa zao, mahali pake pakajengwa duka kubwa la kuuza kila kitu. Vumbi likabaki kifuani mwa Wattie.

Waliojua kwamba hapandi tena kilima walikuwa wawili tu, Netta na Dod Imrie.

Dod ndiye aliyesimama na Wattie kwenye jukwaa la Mashariki tangu utoto, na ndiye aliyebuni mpango wa kadi. Kadi ya msimu ya Rovers unaigusisha kwenye mashine ya getini, mashine inalia, unasukuma chuma unaingia, na kila ukiingia unapata pointi za uaminifu. Wattie alikuwa katika watu wa juu kabisa kwa pointi. Siku ile ya nguzo ya taa Dod alikuja jioni, akasimama hapo jikoni akichuruzika maji, akasema, "Lete kadi yako."

"Ya nini?"

"Lete, bwana. Nitaipitisha mimi. Wewe hujakosa mechi miaka yote hii, huwezi kuanza kukosa kwa sababu ya kilima."

Basi kila mechi Dod aliigusisha kadi ya Wattie kwanza, akasukuma chuma kikazunguka kitupu, kisha akaingia na yake. Baada ya mechi alipita nyumbani na pai mbili za moto kwenye karatasi, akamsimulia kila kitu, nani kapiga, refa kaiba nini, nani katukanwa, hata harufu. Jumatatu Wattie akiteremka dukani polepole, akiulizwa kuhusu mechi, alijibu kama shahidi. Kinbrae ina matusi mengi na watu wake wanayatumia bila uchoyo, lakini hakuna linalouma kama kuitwa mshabiki wa jua, yule anayeonekana hali ya hewa ikiwa nzuri na timu ikiwa inashinda. Wattie angekubali kuitwa mwizi kabla ya kuitwa hilo.

Walikuwa wanaishi kwa fedha ya ugonjwa ambayo serikali ilimlipa kila mwezi, na anayelipwa hupimwa upya kila serikali inapotaka. Mwezi wa pili akaitwa kwenye kupimwa.

Ofisi ya kupimia ilikuwa mji wa pili, orofa ya juu, na lifti ilikuwa imeharibika. Netta alimwambia mlinzi wa mlangoni, "Wenyewe mnawaita wagonjwa, halafu mnawapandisha ngazi?" Mlinzi alisema hilo si lake. Walipofika juu Wattie alikuwa na rangi ya majivu, akakaa akitweta mpaka alipoitwa jina.

Mpimaji alikuwa mama wa makamo aliyejitambulisha kama Lorna Begg, miwani imening'inia shingoni, sauti laini, maji ya kunywa tayari mezani. Hakuwa mkali hata kidogo. Ni afadhali angekuwa mkali.

"Pumzika kwanza, Bwana Geddes, hatuna haraka," alisema. "Skafu nzuri. Rovers hiyo, siyo?"

"Rovers."

"Ah! Mume wangu ni Strathord damu. Rangi hiyo kwangu haiingii hata kwenye kamba ya nguo."

"Pole sana, mama," Wattie alisema. "Yapo magonjwa mabaya kuliko langu."

Wakacheka wote watatu. Netta akajisikia nafuu, akamshika mumewe mkono chini ya meza. Lorna aliuliza kuhusu kulala, kuhusu ngazi za nyumbani, kuhusu kuoga, na Wattie alijibu ukweli, kwamba Netta humkausha mgongo, kwamba hulala ameketi kwa mito mitatu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha yule mama akavua miwani, akaegemea kiti.

"Lakini mume wangu ananiambia jukwaa lenu siku hizi limebaki la paka. Anasema tangu mshuke daraja watu wamewakimbia."

"Paka?" Wattie alisema.

"Ndiyo anavyosema. Eti wale wa zamani wote wamehamia kwenye makochi yao."

Hapa ndipo mtu mwingine yeyote duniani angesema, kweli mama, hata mimi niko kwenye kochi. Angeulizwa na daktari, Wattie angesema. Angeulizwa na padri, angesema. Lakini kuulizwa na mke wa mtu wa Strathord, mahasimu wa Rovers tangu zamani! Alikaa wima. Damu iliyokuwa imemkimbia kwenye ngazi ilirudi yote usoni.

"Mwambie mumeo," alisema, "yuko mtu mmoja anaitwa Wattie Geddes. Tangu ana miaka saba hajakosa mechi ya nyumbani. Hata moja."

"Wattie," Netta alisema.

"Mvua, theluji, tumefungwa saba, tumeshuka, tumefilisika. Hata moja."

Netta alimkanyaga mguu. Hakuhisi.

"Mpaka leo?" Lorna aliuliza.

"Mpaka Jumamosi iliyopita. Kichwa cha beki kimepita juu ya mtambaa panya kwa unywele mmoja, nimekiona kwa macho yangu haya."

"Na mnakuwa na viti huko?"

"Viti vya wapi? Sisi jukwaa la Mashariki tunasimama. Viti ni vya watu wa Strathord."

"Dakika zote tisini!"

"Na za nyongeza."

Yule mama alitikisa kichwa kwa kumstahi, na vidole vyake vilikuwa vinaandika. Netta aliviona vile vidole. Wattie aliona Strathord imenyamaza.

Kwenye ngazi za kushuka Netta hakumshika mkono mpaka orofa ya pili. Ndipo akasimama. "Haya, umeshinda?" alimwuliza. "Niambie basi, umewafunga mangapi?"

Jibu lilikuja kwamba Wattie anaweza kufanya kazi, na fedha ya ugonjwa ikakatwa. Netta ndiye aliyepiga simu ya kukata rufaa, simu ikaimba muziki wake nusu ya asubuhi, na alipopatikana mtu alikuwa kijana mwenye adabu za kufundishwa.

"Alidanganya," Netta alimwambia. "Mume wangu alidanganya kwa kiburi. Miaka miwili hajafika uwanjani. Ana mapafu mabovu, picha za hospitali mnazo."

"Picha tunazo, mama. Lakini sisi hatupimi ugonjwa. Tunapima mtu anaweza kufanya nini."

"Hawezi kupanda kitanda chake mwenyewe!"

"Naomba niongee na Bwana Geddes."

Wattie akachukua simu. Akasema kwa kinywa chake mwenyewe, na ilimchukua muda kulisema, kwamba haendi mpirani. Jasho lilimtoka.

"Kwa hiyo ulimdanganya mpimaji," kijana alisema, "au unanidanganya mimi. Tusaidie kujua ni lipi."

"Nilimdanganya yule mama. Mume wake ni wa Strathord."

"Sijaelewa, bwana."

"Hutaelewa," Wattie alisema.

Ofisi ikaiuliza klabu. Klabu, kwa fahari kabisa, ikajibu kwamba Bwana Geddes ni mmoja wa wanachama wake waaminifu kuliko wote, kwamba msimu huu wote hajakosa kuingia, na kwamba ingependa watu wengi wawe kama yeye. Rufaa ikafa hapo hapo.

Dod alikuja na pai zake Jumamosi iliyofuata, akazisahau mkononi zikapoa. Alikuwa mwanaume mkubwa mwenye shingo ya ng'ombe, na jikoni mwa akina Geddes alikuwa hajui aweke wapi mikono.

"Nitaenda kusema," alisema. "Nitawaambia ni mimi niliyekuwa napitisha kadi. Jumatatu naenda."

"Utawaambia nani?"

"Klabu. Ofisi. Hata polisi, sijali."

"Wanatangaza kila mechi kwenye spika," Wattie alisema. "Ukipitisha kadi ya mtu mwingine, unafungiwa maisha. Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia. Yule mzee aliyekuwa anasimama chini ya saa ya uwanja walimfungia kwa kadi ya mjukuu wake."

"Wanifungie."

"Utafanya nini Jumamosi, Dod?"

Dod alifungua mdomo. Mkewe alikuwa amefariki mwaka ule wa mafuriko, watoto wako Kanada, na kazi yake ya kuendesha lori la takataka haikuwa na mtu wa kuongea naye. Alikuwa na Jumamosi tu. Aliziangalia pai.

"Wattie, mimi kwa ajili yako..."

"Najua. Sitaki."

"Mwache aseme!" Netta aligonga meza, vikombe vikaruka. "Mwache, Wattie! Unamhurumia yeye, mimi nani ananihurumia? Tutakula nini, pointi za uaminifu? Nyinyi wawili mpira umewala ubongo wote, mmoja kilema wa mapafu, mwingine kilema wa akili, na mimi ndiye ninayewaosha vikombe!"

Wattie alisema tena, kwa sauti ndogo, "Sitaki, Dod. Kanywe chai yako."

Na Dod akanywa. Hakubisha tena. Netta alimtazama akinywa, akaona mabega yake yanashuka kwa nafuu, akamchukia kwa moyo wake wote. Wattie naye aliyaona mabega yale. Akageukia dirisha, ingawa hakukuwa na mechi tena ya kusikiliza.

Ofisi ya kazi haikuchelewa. Kuna kampuni inayotoa walinzi wa mikusanyiko, aliambiwa, inataka watu wa kusimama tu, wala hakuna kubeba kitu. Na bahati yake ilioje, mechi ya kwanza ilikuwa Kinbrae kwenyewe, Rovers na Strathord. Ofisa aliyemwambia alitabasamu kama anayempa zawadi. Kama ungekataa, Bwana Geddes, hata ile fedha kidogo ya mtu asiye na kazi ingesimama mpaka kiangazi. Wattie alikubali.

Netta alimsindikiza kilimani. Waliondoka mapema mno, madukani bado wanafungua, wakapumzika kwenye kila ngazi ya mlango wa watu. Kwenye moja mwanamke alitoka na kikombe cha maji bila kuulizwa. Netta alitaka kumshukuru akashindwa, akamnywesha Wattie na kurudisha kikombe. Walipofika getini Wattie hakuweza kusema, akampungia mkono tu, na Netta akabaki nje ya uzio akimwangalia akivishwa jaketi la rangi ya chungwa lenye namba kumi na nne mgongoni.

Msimamizi alikuwa kijana anayeitwa Struan, sikio moja lina waya wa redio.

"Sikilizeni, ni rahisi," aliwaambia. "Macho kwa watu, mgongo kwa uwanja. Hamkuja kuangalia mpira. Ukigeuka nakuandika. Ukishangilia nakuandika. Nikikuandika unakwenda nyumbani, na ofisi iliyokuleta inapata habari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," walisema.

"Wewe mzee, uko sawa? Mbona unatweta?"

"Kilima," Wattie alisema.

"Utazoea," Struan alisema, na akampanga jukwaa la Mashariki, chini, mbele ya uzio mfupi, uso kwa watu wake.

Walipoanza kujaa walimwona mara moja, na ilikuwa sherehe.

"Heee! Wattie! Umejiunga na polisi?"

"Jamaa hakutosheka kuingia kila mechi, sasa anataka alipwe!"

"Wattie, niangalizie pai yangu, kuna watu wa Strathord!"

Alicheka nao, au alionyesha meno. Hakuna aliyejua kwamba hakuwahi kusimama hapo kwa miaka miwili, maana wote walikuwa wamesikia habari zake kutoka kwa Dod, jinsi alivyosimama kule juu, jinsi alivyomtukana refa. Dod mwenyewe alikuja mwisho. Alishuka mpaka kwenye uzio.

"Umepanda," alisema.

"Nimepanda."

"Unaweza kusimama?"

"Rudi mahali pako, Dod. Msimamizi anatuangalia."

Mpira ukaanza. Wattie alikuwa amekaa miaka miwili dirishani akiujua mchezo kwa sauti peke yake, lakini kule dirishani hakuna aliyemkataza kugeuza shingo. Hapa majani ya uwanja yalikuwa nyuma yake, hatua chache, alisikia njumu zikikwaruza, alisikia kipa akiwatukana mabeki wake, alisikia mpira wenyewe ukipigwa, ule mlio mzito wa ngozi iliyolowa. Shingo ilimuuma kwa kutaka. Alijifunga kwenye nyuso. Watu elfu mbili walikuwa wanatazama kitu kilichokuwa juu kidogo ya bega lake, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye. Mvua ilianza tena. Ilikuwa inaingia kwa nyuma, kwenye kola.

Kipindi cha pili alishika uzio kwa mkono mmoja, Struan akapita, akamwonyesha kwa kidole auachie. Akauachia. Kifuani kulikuwa na kitu kama mkono wa mtu kinakunja ngumi polepole. Aliomba dua ya ajabu, kwamba Rovers wasifunge, mchezo uishe kimya, watu waende nyumbani. Hajawahi kuomba hivyo maishani, na aliona aibu kubwa kuliko ile ya kwenye simu.

Rovers wakafunga.

Aliliona bao usoni mwa Dod kabla hajalisikia. Uso ule mkubwa ulifunguka wote, macho, mdomo, na machozi papo hapo, kisha jukwaa zima likamwagika kuelekea chini kama gunia lililopasuka. Kelele zilimpiga kifuani. Alivuta hewa, isije. Alivuta tena, ikaja nusu, na kikohozi kikaishika hiyo nusu na kumkunja katikati. Alipiga magoti, akainuka, akapiga tena, mikono yake ikipapasa hewani kutafuta uzio. Watu walikuwa wameshafika, wakamdaka kwa juu ya uzio, wakampiga mgongoni, wakamtikisa, mmoja akambusu kofia.

"Mwangalie Wattie! Mwangalieni Wattie, kashindwa kuvumilia!"

"Cheza, babu! Cheza!"

Wakaanza kuimba jina lake. Dod alikuwa miongoni mwao, ameinua mikono yote miwili, anaimba kwa nguvu kuliko wote, macho yake bado yako kule wachezaji walikorundikana.

Wattie alitaka kusema. Alifungua mdomo na kilichotoka ni filimbi nyembamba ambayo hata yeye hakuisikia.

Struan alikuja anakimbia, uso umemwiva. Alimshika kwapani na kumvuta pembeni, watu wakamzomea, mwache mzee afurahi, wewe mtoto umezaliwa lini! Redio yake ilikuwa inaongea. Wale wa chumba cha kamera walikuwa wameona namba kumi na nne amekwenda chini mara mbili, walikuwa wanauliza kama wawatume watu wa machela.

Struan alimtazama yule mzee aliyekuwa amening'inia mkononi mwake, midomo rangi ya samawati, macho yametoka, mabega yanaruka juu chini. Akabonyeza kitufe.

"Hapana, hahitaji," alisema. "Ni mshabiki wao huyu. Anashangilia tu."